Mgongo wa mbebaji: disiki iliyopasuka inaweza kuwekwa kiraka?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati kasiterite ya Bisie ilianza kuvuta watu katika pori la Walikale, hakukuwa barabara ya kufika mgodini. Mawe yalitoka kwa mgongo. Kijana alibeba mfuko wa kilo 50, akapita katika matope na vilima mwendo wa siku moja ao mbili mpaka Njingala, akapumzika, akarudi tena. Toka pale magari yalipeleka mpaka Kilambo, fasi ndege ndogo zilitua juu ya barabara yenyewe. Vijana wale leo ni baba wa familia, na kiuno kinawakumbusha kazi ile. Si wao peke yao. Upande wa Masisi kuna mama anayeteremka na viazi ao makala, kamba imepita kwenye paji la uso. Kuna wachimbaji wa Rubaya, kuna wasukuma chukudu.

Ndiyo maana swali la disiki halikomi. Wengine wamesikia kwamba huko Ulaya na Marekani wanatia jeli ndani ya mgongo na mtu anasimama mzima. Kuna ukweli ndani ya maneno hayo, lakini bado si ukweli wa kuuzishia ng'ombe.

Kwanza, disiki ni nini? Mgongo umejengwa na mifupa iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, na kati ya mfupa na mfupa kuna kitu laini kinachopokea uzito. Hiyo ndiyo disiki. Mtu ana 23. Ifikirie sawa vile tairi. Nje kuna ukuta wa nyuzi ngumu, tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Ndani kuna ute mzito uliojaa maji, karibu asilimia 80 wakati mtu angali kijana. Mchana uzito unakamua maji yale kidogo kidogo, usiku mtu akilala yanarudi. Kwa hiyo asubuhi kila mtu ni mrefu kupita jioni, kwa sentimita moja hivi.

Shida ni kwamba ndani ya disiki ya mtu mzima karibu hakuna mishipa ya damu. Kidonda cha mguu kinapona juu damu inafika pale. Disiki inapata chakula kinachopenya polepole toka mfupa wa juu na wa chini, basi. Ukuta wake ukipasuka, unafunga vibaya, na ute unaweza kutoka na kubana mshipa wa fahamu. Hapo maumivu yanateremka toka kwenye tako mpaka kwenye vidole vya mguu.

Mti unaojulikana sana Kivu ya Kaskazini umeingia katika historia ya matibabu haya. Upande wa Beni, wakulima wanachanja papai bichi na kukinga utomvu, unaokaushwa na kuuzwa inje kwa jina la papaini. Ndani ya utomvu wa papai kuna kitu kingine kinachoitwa kimopapaini, chenye nguvu ya kuyeyusha protini. Mwaka 1964 munganga Mmarekani Lyman Smith alitangaza kwamba amekitia kwa sindano ndani ya disiki za wagonjwa ili kuyeyusha ute unaobana. Mwaka 1982 Marekani ikakubali dawa hiyo. Wengi walipata nafuu. Lakini wachache mwili wao uliikataa kwa ukali mpaka kufa, wachache wengine wakapooza, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikuuzwa tena kule. (Mtu yeyote asithubutu kudunga utomvu wa papai mgongoni mwa mwenzake, ile ilikuwa dawa iliyosafishwa.)

Tena, ile ilikuwa kuyeyusha, haikuwa kutengeneza. Waliojaribu kutengeneza walianza na chuma. Katika miaka ya 1960 Mswidi Ulf Fernström aliweka mpira mdogo wa chuma fasi ya ute uliotolewa. Chuma ni kigumu kupita mfupa, kwa hiyo kwa wagonjwa wengi mpira ulizama ndani ya mfupa. Kosa lile liliwafundisha watafiti kutafuta kitu laini kinachofanana na disiki yenyewe.

Leo wanatumia vitu ambavyo mwili unavifahamu. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio kwa kondoo. Walijaza disiki kwa jeli ya asidi ya hialuroni, kisha wakaziba tundu la ukuta kwa kolajeni, ile protini inayojenga ngozi na mishipa ya nyama. Kolajeni ile ilichanganywa na vitamini B2 ikamulikwa kwa mwanga, ikakaza kama kiraka cha tairi kinavyoshika. Baada ya wiki sita disiki zilizotengenezwa zilikuwa katika hali nzuri kupita zile zilizoachwa wazi. Japani, kwenye Chuo Kikuu cha Hokkaido, jeli iliyotokana na mwani wa bahari imeshajaribiwa kwa watu waliopasuliwa.

Lakini kondoo anatembea kwa miguu mine wala habebi kasiterite. Jeli inaweza kusukumwa inje siku mtu anapoinama na mzigo. Na seli za disiki iliyochoka zinaishi katika hewa kidogo na asidi nyingi, hata zikiongezwa mpya zinakufa. Kwa hiyo jeli hizi zingali katika majaribio. Anayeuzisha leo sindano ya kurudisha disiki upya, iwe Goma ao Kampala, anauzisha kitu ambacho sayansi haijamaliza kuhakikisha.

Wakati huo, disiki nyingi zilizotoka zinatulia zenyewe. Mwili unakula polepole kipande kilichotoka, na watu wengi wanapata nafuu ndani ya wiki au miezi michache, bila kisu. Kinachosaidia ni dawa ya maumivu, kutembea badala ya kulala siku nzima, mazoezi na mzigo mdogo. Hilo la mwisho ni rahisi kusema mbele ya mtu ambaye asipobeba hali. Pengine kinachowezekana ni kugawanya mfuko mara mbili.

Tena si kila mgongo unaouma ni disiki. Maumivu yanayodumu pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, au mgongo unaoanza kutoa kibyongo, yanaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia mifupani. Kile kina dawa, na nchini Kongo dawa zake hazilipishwi.

Kwa upasuaji wa mifupa, Goma kuna hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa na munganga mpasuaji Jo Lusi. Kufika pale toka Walikale ni habari nyingine, hasa barabara ikifungwa na vita. Ila mgonjwa akishindwa kukojoa, au haja ikimtoka bila kujua, akikosa kusikia mguso katikati ya mapaja, au miguu yote miwili ikilegea, asingojee kuche. Atafutiwe motari usiku uleule, afikishwe kwenye hospitali ya karibu.