Duma Si Mnyama

Wiki iliyopita nilimtumia mpwa wangu aliyeko Kumsenga wimbo mmoja wa bendi ya Duma. Jibu likaja kwa sauti ya WhatsApp: "Mjomba, huyo mtu anaumwa?" Basi haya ni yake, na ya wengine mliozima simu mapema.

Kwanza jina. Sisi tukisikia duma tunamwona mnyama akitimua mbio. Wao ni Wakenya, na kwa Kikuyu wanamaanisha giza. Walikuwa wawili tu: Martin Kanja, anayejiita Lord Spikeheart, ndiye aliyekuwa sauti; Sam Karugu alishika gita na mashine. Wametoka kwenye bendi za metali za Nairobi, mji wenye vijana wake wa gita kali kwa miaka sasa, Last Year's Tragedy wakiwemo. Mwaka 2019 walikwenda Kampala kurekodi kwa lebo ya Nyege Nyege, na albamu ikatoka Agosti 2020.

Hapo Kampala ndipo penye ufunguo. Lebo hiyohiyo ndiyo iliyotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli ya Dar es Salaam. Duma hawakuwa na mpiga dramu. Mdundo hutoka kwenye kompyuta, kwa kasi ambayo mikono ya mtu ingesalimu amri. Wewe mpwa uliyecheza singeli harusini mpaka vumbi jekundu likakufika magotini, nusu ya njia umeshaimaliza. Imebaki kelele.

Nayo kelele ni ya jukwaani hasa. Spikeheart hunguruma kutoka tumboni, mara anapaa na yowe jembamba kama la mtu aliyekutwa na jambo usiku. Maneno usihangaike nayo, hata mimi mengi hunipita.

Giza hilo lina ukoo. Albamu ambayo Spikeheart aliitoa peke yake mwaka 2024, The Adept, ni kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepanda hadi cheo cha Field Marshal katika Mau Mau na kuishi msituni zaidi ya miaka kumi. Rasta zake alizitunza mpaka Aprili 2022, aliponyolewa na Mama Ngina Kenyatta. Alifariki Septemba 2023. Spikeheart ni kitukuu wake.

Nilimsimulia mpwa yote haya kwa simu. Akanyamaza kidogo. "Nitumie tena, mjomba. Ila safari hii nitasikilizia shambani. Juzi bibi alishaanza kuomba."