Kiwanja cha Gofu na Mtungi wa Maji

Kila mwaka, kaskazi inapoanza kulegea na watu wa kisiwani wakawa wanatazama mawingu wakingojea masika, watunzaji wa viwanja huanza kupanga kazi za kutengeneza na kustawisha nyasi. Miongoni mwa viwanja hivyo ni kile cha gofu cha Mombasa, kilichoanzishwa mwaka 1911 juu ya majabali yanayotazama mlango wa bandari ya Kilindini. Ni uwanja wa mashimo tisa tu, lakini ni mojawapo ya nafasi chache za wazi zilizosalia katika kisiwa kilichojaa majumba.

Wako watakaouliza: mchezo wa watu wachache watuhusu nini sisi tunaosongamana kwenye feri ya Likoni? Jibu letu ni neno moja, nalo ni maji.

Kisiwa chetu hakina mto. Maji ya mfereji twaletewa kutoka bara: Mzima huko Tsavo, ambako bomba lake la zaidi ya kilomita 200 lilikamilika mwaka 1957, Marere katika vilima vya Shimba, visima vya Tiwi, na Baricho kando ya mto Sabaki. Maji hayo hayajapata kututosha. Sasa na tufanye hesabu. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni lita 10,000. Katika jua la kiangazi nyasi zaweza kupoteza milimita tano kwa siku. Basi atakaye hekta moja ibaki kijani kibichi ahitaji lita 50,000 kila siku, yaani mitungi 2,500 ya lita 20. Mama anayenunua mitungi mitatu kwa mwenye mkokoteni aielewa hesabu hii bila ya kufundishwa.

Hatusemi haya kwa kumlaumu mtu. Twasema kwa kuwa iko njia ya kuutunza uwanja wa gofu pasipo kugombania maji na wananchi, nayo ni kuyafuata majira.

Kabla ya masika, mitaro izibuliwe ili maji ya mvua yasituame. Mbolea isimwagwe wakati huo, kwani mvua kubwa huizoa na kuipeleka visimani na baharini. Mvua zikishapungua nguvu, na ardhi ikiwa bado na unyevu, ndipo nyasi mpya zipandikizwe, ardhi iliyoshindiliwa na nyayo itobolewe ili mizizi ipate hewa, mbolea itiwe kwa kiasi, na mchanga usambazwe juu. Mchanga huo usichotwe ufuoni, kwa kuwa una chumvi, na ufuo ukichotwa huliwa na mawimbi. Kazi hizi zahitaji mikono mingi, na vijana wa mitaa ya karibu ndio wanaostahili kuitwa kwanza.

Yafaa pia ichaguliwe nyasi inayokubaliana na pwani. Kusi huvuma kutoka baharini na kurusha chumvi juu ya majabali, na udongo ulio juu ya jiwe la matumbawe ni haba. Iko nyasi iitwayo paspalamu, imeayo yenyewe kwenye kingo za bahari za nchi za joto, nayo huvumilia hata maji ya chumvichumvi ambayo hayafai kunywewa.

Kiangazi kikifika, zimwagiliwe zile sehemu laini zinazozunguka mashimo peke yake. Kwa viwanja tisa vidogo vya namna hiyo, eneo lote halifiki hata hekta moja. Kwingineko nyasi ziachwe zirefuke kidogo ili zifunike ardhi, na zikigeuka rangi ya majani makavu, si aibu. Mwaka 2006 Tiger Woods alishinda mashindano makubwa ya Uingereza katika uwanja wa Hoylake ulioungua kwa jua na kuwa wa rangi ya kahawia, na ulimwengu mzima ulimshangilia. Iwapo mabingwa wa dunia waliridhika na nyasi kavu katika nchi ya mvua, sisi twaona haya gani?

Kwa wakuu wa Serikali tuna maombi mawili. La kwanza, kila uwanja mkubwa wa nyasi, uwe wa gofu, wa mpira au wa hoteli, utakiwe kueleza kila mwaka maji yake yatoka wapi na ni kiasi gani. La pili, maji machafu ya mji yasafishwe hata yafae kumwagilia, badala ya kuachwa yaende baharini bure. Maji yakimwagika hayazoleki, na kisiwa kisicho na mto hakina ya kumwaga.

Uwanja ule wa majabalini twautaka uishi, kwa kuwa nafasi ya wazi ikishajengwa hairudi. Lakini na uishi kwa mvua ya masika, si kwa maji ya mtungi wa jirani.