Vikosi vya Keya na Lugha ya Amri

Utangulizi

Wataalamu wengi wa Kiswahili wanapotaka mfano wa lugha iliyoharibika, huutafuta kwa askari wa King's African Rifles, yaani KAR, au "Keya" kama jina hilo lilivyokuja kutamkwa vinywani mwa watu. Husemwa kwamba askari hao walitoka bara, hawakuijua lugha, na kwa hiyo waliiboronga. Hoja hii ina kasoro moja kubwa: huitazama lugha bila kulitazama jeshi lililoitumia. Jeshi si kundi la watu waliokutana sokoni. Jeshi ni mpango wa vikosi, na kila kikosi kina asili yake, kazi yake na mkuu wake. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba historia ya vikosi vya KAR ndiyo inayofafanua msamiati wa askari wake, na kwamba sarufi yao ilipata umbo lake kutokana na kazi ambayo lugha ilitwikwa jeshini, wala si kutokana na upungufu wa wasemaji.

Asili ya vikosi

KAR iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuyaunganisha majeshi matatu ya Waingereza yaliyokuwapo tayari: lile la Afrika ya Kati, East Africa Rifles lililoanzishwa mwaka 1895, na Uganda Rifles. Mwanzoni palikuwa na bataliani sita. Ya 1 na ya 2 zilitoka katika nchi ambayo leo ni Malawi. Ya 3 ilikuwa ya Kenya. Ya 4 na ya 5 za Uganda. Na ya 6 ya Somalia ya Waingereza. Kwa kubana matumizi, serikali iliivunja bataliani ya 5 mwaka 1904, ya 6 mwaka 1910, na ya 2 mwaka 1911. Vita vilipozuka mwaka 1914 zilibaki bataliani tatu tu, zenye askari wapatao 2,300. Kufikia mwisho wa vita mwaka 1918 bataliani zilikuwa 22 na askari zaidi ya 30,000.

Tarakimu hizi zina maana kwa mwanafunzi wa lugha. Kila bataliani ilikuja na lugha yake. Bataliani ya 1, iliyojaa Wayao na Wanyanja, ilisema Kinyanja. Katika ya 3 na ya 4 walikuwapo Wasudani wengi, ambao lugha yao ya kambini ilikuwa Kiarabu kilichorahisishwa, kile ambacho leo huitwa Kinubi. Maadamu bataliani zilikuwa chache na kila moja ilikaa kwao, hapakuwa na haja kubwa ya lugha moja. Zilipoongezeka na kuchanganywa vitani, haja hiyo ilidhihirika, na Kiswahili ndicho kilichokuwa karibu.

Ushahidi wa vyeo

Majina ya vyeo ni kama tabaka za udongo: kila tabaka huonyesha wakati wake. Askari wa mwanzo walimjua ombasha, shaushi na effendi kabla ya kumjua koplo na sajini. Maneno hayo si ya Kiingereza, wala hayakuja na biashara ya pwani. Ni ya Kituruki. Katika lugha hiyo "on" ni kumi na "baş" ni kichwa; kwa hiyo ombasha ni mkuu wa watu kumi. Yuzbashi ni mkuu wa mia, na bimbashi ni mkuu wa elfu. Cheo, basi, kilikuwa hesabu ya kikosi iliyogeuka kuwa jina la mtu.

Njia ya maneno haya yafahamika. Yalitoka katika jeshi la Dola ya Uthmaniya, yakaingia Misri, na kutoka Misri yakafika Sudani. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua Wasudani waliokuwa wameachwa na Emin Pasha karibu na Ziwa Albert, akawaingiza Uganda. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1889, Wissmann alikuwa ameandikisha Wasudani mjini Cairo kwa ajili ya jeshi la Wajerumani upande wa Tanganyika. Hivyo majeshi mawili yaliyokuja kupigana kuanzia mwaka 1914 yalikuwa yamerithi majina ya vyeo kutoka chemchemi moja. Hata bataliani ya 6 ilipoundwa upya mwaka 1917, ilichukua askari waliokuwa wamewatumikia Wajerumani. Ujuzi wao wa vita, na maneno yao, vilivuka mpaka pamoja nao.

Baadaye ombasha na shaushi walikufa, nafasi zao zikashikwa na koplo na sajini. Effendi, kwa upande wake, hakufa. Cheo hicho kilirudishwa katika KAR miaka ya 1950 kikiwa ndicho cha juu kabisa ambacho Mwafrika angeweza kukitumaini kwa wakati huo, na kwa umbo la "afande" neno hilo lingali hai katika majeshi na polisi wa Afrika Mashariki.

Kazi na maneno

Kazi za vikosi nazo ziliacha alama. Askari wa miguu alibeba bunduki, neno la Kiarabu lililokwisha kuzoeleka pwani. Mzinga, uliokuwa gogo la nyuki, ulikwisha kupewa jina hilo hilo kwa sababu ya umbo lake. Lakini kazi iliyowaua wengi haikuwa ya bunduki. Ilikuwa ya kichwa na mabega. Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza, kiliwachukua watu kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi waliuawa na maradhi na njaa. Jina lake likawa Kariakoo katika Dar es Salaam na Kariokor katika Nairobi. Wanunuzi wa leo katika masoko hayo hulitamka jina la kikosi kila siku bila kukumbuka mizigo yake.

Vita vya pili viliongeza kazi mpya: wapiga mizinga, wahandisi, madereva, wauguzi, wapeleka habari kwa simu, na walimu wa jeshi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma mwaka 1944, iliwaweka pamoja watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Huko hapakuwa na kijiji cha kumfundisha askari Kiswahili. Alikipata kikosini.

Sarufi ya amri

Lugha hiyo ya kikosini ndiyo iliyoitwa KiKAR. Sifa zake ni chache na za wazi. Upatanisho wa ngeli hupungua. "Hapana" huchukua kazi ya viambishi vya kukanusha. "Iko" hutumika pahali pa -po, -ko, -mo na "ni". Kwa mfano, badala ya "bunduki zangu mbili hazipo", itasemwa "bunduki yangu mbili hapana iko".

Linalostahili kuangaliwa zaidi ni kile kisichokuwamo. Hali ya dhamira tegemezi, ile ya "uje" na "nikuulize", ni adimu. Maneno ya adabu ni adimu vilevile. Jambo hili halishangazi. Afisa Mzungu alijifunza Kiswahili apate kuamuru na kuelewa taarifa. Kushauriana hakukuwa shabaha yake. Askari aliijibu lugha aliyosemeshwa. Iwapo lugha hukua kwa mahitaji ya wasemaji, KiKAR haikuhitaji ombi, kwa kuwa mpango wa vikosi haukuruhusu ombi. Wakati uo huo, tangu mwaka 1930, kamati ya lugha ya makoloni ilikuwa ikisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Serikali ile ile, basi, ilifundisha Kiswahili kimoja shuleni na kukitumia kingine kambini.

Hitimisho

Mambo haya hayakukoma na ukoloni. Bataliani za KAR zilirithiwa na mataifa mapya: zikawa Tanganyika Rifles mwaka 1961, Uganda Rifles mwaka 1962, na Kenya Rifles mwaka 1963. Tanganyika Rifles ilivunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, na jeshi jipya likajengwa katika nchi ambayo Kiswahili kilikuwa pia lugha ya siasa, shule na ushairi. Uganda haikuwa hivyo. Huko raia wengi walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa mwenye bunduki, na hata Idi Amin, aliyekulia KAR, alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, hofu hiyo haikuondoka.

Kwa hiyo anayemcheka askari wa Keya kwa kusema "hapana iko" humlaumu aliyeamriwa na kumsahau aliyeamuru. Swali la kufaa si kwa nini askari alikosa ngeli. Swali ni lugha yoyote ingebaki na nini kama wasemaji wake wangeruhusiwa kusema "ndiyo, effendi" peke yake.