Chanzo cha umeme cha treni za mfano

Chanzo cha umeme cha treni za mfano ni kifaa kinachopunguza umeme wa nyumbani hadi volti ndogo zinazoweza kupita kwenye reli za treni hizo bila kumdhuru anayezigusa. Kwa kuwa reli huwa wazi na watoto huzishika, usalama wa mchezo wote hutegemea kifaa hiki.

Volti na aina ya mkondo

Treni nyingi za vipimo vya H0 (1:87) na N (1:160) hutumia mkondo mnyoofu, yaani umeme unaoelekea upande mmoja tu, wa takriban volti 12. Treni za H0 za kampuni ya Märklin ya Ujerumani zilizoea mkondo geu wa hadi volti 16, na zile za Lionel za Marekani mkondo geu wa hadi volti 18 hivi. Mota ya mkondo mnyoofu ikipewa mkondo geu hutetemeka, hupata joto na inaweza kuungua. Katika Umoja wa Ulaya, mwongozo 2009/48/EC hauruhusu kitu cha kuchezea kutumia zaidi ya volti 24.

Kukadiria nguvu

Nguvu hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea. Tuseme vichwa 3 vya treni vinachukua ampea 0.5 kila kimoja, na taa 10 zinachukua ampea 0.05 kila moja. Jumla ni ampea 2. Kwa volti 12 ni wati 24. Chanzo cha wati 30 kitatosha na kubakiza akiba.

Ampea zilizoandikwa kwenye chanzo ni kiwango cha juu kinachoweza kutolewa. Mota huchukua kiasi inachohitaji tu. Volti ni tofauti: zikizidi, mota huharibika. Kwa hiyo volti zinapaswa kulingana, na ampea kutosha.

Hata hivyo, chanzo kikubwa mno kina hatari yake. Treni ikiacha njia, magurudumu ya chuma yanaweza kuunganisha reli mbili na kuleta shoti. Chanzo cha volti 12 na ampea 10 kinaweza kutoa hadi wati 120, joto la kuyeyusha plastiki. Ndiyo maana chanzo bora huwa na kinga inayokata umeme mara shoti inapotokea.

Tahadhari

* Transfoma ya Marekani ya volti 120 isichomekwe kwenye soketi za Tanzania au Kenya, zenye volti 230 hadi 240. Itaungua.
* Transfoma mbili za mkondo geu zisiunganishwe kwenye reli zilezile. Moja ikichomolewa ukutani, nyingine huilisha kinyumenyume, na ncha za plagi iliyochomolewa huweza kuwa na volti za kuua.
* Kifaa chenye kasha lililopasuka au waya uliochunika kisitumike.