Kwa Nini Garimoshi Langu Halina Vizibo vya Soda

Wengi wetu tukichora garimoshi huchora lile la vitabuni, la Uingereza, mfano wa Mallard lililokimbia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938. Mimi hapa Kizingo naunda la kwetu: Mount Gelai, namba 5918, lililomo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Nalo kwa kuzaliwa ni Mwingereza. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliunda 34 ya aina hiyo mwaka 1955 na 1956, yakapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki.

Kipimo changu ni moja kwa hamsini. Reli ya zamani ilikuwa na upana wa mita moja, basi yangu ina sm 2. Urefu wa mita 31 na ushei unakuwa sm 63. Boila, yaani pipa la kuchemshia maji, lilikuwa na kipenyo cha mita 2.3, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli! Kwangu ni sm 4.6, kwa hivyo manila ya kuviringisha naikata sm 14.5, na kipande cha gundi juu yake.

Ubishi ulikuwa kwenye magurudumu. Wenzangu chamani walitaka nitumie vizibo vya soda, eti vinang'aa. Kizibo kinapita sm 3. Gurudumu kubwa la Mount Gelai ni mita 1.37, yaani sm 2.7 kwangu. "Nusu sentimita nani ataiona?" Ataiona babu. Alikuwa faimani kwenye magari hayo (yalichoma mafuta mazito, si makaa), na kwa vile macho yake sasa ni mazito, atalipapasa kwa vidole.

Tena si urembo tu. Gurudumu kubwa ni la mbio. La Mallard lina mita 2. Dogo ni la nguvu: kila likizunguka, gari husogea kidogo lakini kwa msukumo mkubwa. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kupanda zaidi ya mita 1,600, na mzigo nyuma ulifika tani 1,200. Ukilivisha vizibo umeligeuza gari la tambarare. Basi nimekata ndara kuukuu: vipande 16 vya kuvutia, na 12 vidogo vya mbele, nyuma na katikati.

Kilichobaki ni viungo. Boila limeangikwa baina ya injini mbili, kila moja ikigeuka peke yake, ubunifu wa Herbert Garratt wa mwaka 1907. Nimetia misumari miwili isiyokazwa. Bila hiyo, sm 63 hazipiti kona ya meza ya maabara.