Kabla ya Kugawa Karata, Uliza

Kijana niliyemfundisha isimu miaka kadhaa iliyopita, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya upili mjini Busia, aliniuliza kama naijua poka. Nilimjibu kwa majivuno kuwa naijua, nikaanza kumweleza ile iitwayo Omaha, ambayo sheria zake nilizisoma vitabuni: mchezaji hupewa karata 4 za siri, kisha 5 hufunuliwa mezani ziwe za wote, naye sharti aunde mkono wake kwa 2 za kwake, si zaidi wala pungufu, na 3 za mezani. Mwenye kopa 4 mkononi hudhani ametajirika, kumbe 2 kati yake ni mzigo tu, tena zimempunguzia kopa za kutokea mezani.

Alinisikiliza kwa adabu, kisha akacheka. "Mwalimu, hiyo si poka. Poka ni kadi."

Naam, katika sehemu nyingi za Kenya neno poka limehamia mchezo mwingine kabisa, ule wa kumaliza karata mkononi, na jina lake jingine ni kadi. Jioni hiyo tuliketi kibandani, upande wa Kenya, mimi, yeye na shemeji yake aliyekuwa amevuka kutoka Busia ya pili, maana hapa jina la mji ni moja na nchi ni mbili. Malaba nako ni vivyo hivyo. Tuliweka shilingi 500 kila mmoja. Zangu zilikuwa sehemu ya nauli ya kunirudisha nyumbani.

Kadi aghalabu huanza kwa karata 4. Unatupa inayolingana na iliyo juu kwa nambari au kwa aina. Karata za 2 na 3 humlazimisha anayefuata aokote idadi hiyo, J humruka mtu, K hugeuza mzunguko, nazo 8 na Q ni maswali ambayo aliyeyatupa sharti ayajibu mwenyewe kwa karata ya aina ileile. Ree, yaani karata ya A, hukinga adhabu na kubadili aina. Kabla ya zamu yako ya mwisho sharti utangaze, "Niko kadi," na katika meza nyingi humalizi kwa karata yenye nguvu.

Hapo ndipo mbinu ilipo. Asiyejua hutupa ree mapema ili ajisikie mkubwa. Mjuzi huificha mpaka aadhibiwe, wala hatupi swali bila jibu lake mkononi. Zaidi ya yote huchunga karata moja ya kawaida, 4 au 9, ya kumalizia, kwani nimeona watu wakibaki na 2 na Q mkononi kama tajiri aliyekosa chenji.

Basi nilicheza kwa hekima hiyo. Nilikuwa na ree 1 na karata 2 za nambari 2, nikizilinda kama mboni ya jicho. Shemeji akatupa 7 ya shupaza, akaweka zake chini, akasema, "Nimekata. Tuhesabu."

Tukadhani anatania. Kumbe kwao Uganda mchezo wa namna hii huitwa matatu, na haukosi mauti yake ya ghafla: mwanzoni hufunuliwa karata moja, na 7 ya aina hiyo ikitupwa, mchezo umekwisha. Kila mtu hujumlisha alizobaki nazo, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Karata za 2 na ree, ngao zangu, huhesabiwa kwa alama nyingi. Huko kuzilimbikiza ni kujichimbia kaburi. Mchezaji stadi huzitoa mapema na kubaki na vinambari vidogo.

Mwenyeji wangu alikasirika. Alisema tulikubaliana kucheza kadi. Shemeji akasema hakuna aliyetaja sheria; tulisema tu "tucheze karata", na karata iliyofunuliwa mwanzoni yeye aliiona kuwa ya kuamua mkato. Sauti zilipanda, ikatajwa hata mahari ambayo haijakamilika (la kusikitisha ni kuwa mahari haikuwa na uhusiano wowote na 7 ya shupaza). Nililipa. Kwa miaka mingi nimewakata wanafunzi alama kwa kudhani kuwa neno likifanana maana imefanana. Matatu kwa Mkenya ni gari, na jina hilo lilitokana na nauli ya mapeni matatu. Mganda gari hilo huliita takisi. Sikukumbuka somo langu mwenyewe mezani. Hata majina kopa, uru, shupaza na pau tuliyapata kwa Wareno, na vijana wa kibandani pale sikuwasikia wakiyatumia.

Njiani kuelekea Malaba kijana aliniambia jambo lililonikaa moyoni zaidi ya nauli. Baadhi ya wanafunzi wake hucheza Omaha kwa simu, wakijipa moyo kwamba dau lina kikomo, kwa kuwa huwezi kuweka zaidi ya kilichomo chunguni. Nilimwomba awape hesabu hii darasani. Chungu kina shilingi 100. Mmoja anaweka 100, mwenzake anafuata: sasa ni 300. Mzunguko wa pili ni 900, wa tatu ni 2,700. Kikomo kinakua pamoja na chungu. Aliinakili kwenye daftari akasema ataitumia katika hisabati kidato cha kwanza, maana huko ndiko waliko.

Nilirudi Busia baada ya miezi michache. Shemeji alikuwepo kibandani, anachanganya karata.

"Saba inakata?" niliuliza kabla sijaketi.

"Leo haikati, Mwalimu," akasema, akanisogezea kigoda. "Ila Q tunaijibu kwa mbili."

Nikamwomba anieleze polepole.