Taswira ya Kristo Mteswa: Sehemu ya Pili

Katika toleo lililopita tuliwaeleza wasomaji wetu wa Karatu jinsi wachoraji wa Italia wa karne ya 17 walivyoitumia rangi ya mafuta, ambayo kwa kuwa haikauki upesi humpa mchoraji nafasi ya kuchanganya nuru na kiza taratibu, hata mwili wa mwanadamu ukatokeza gizani kana kwamba umewashiwa taa. Leo tuitazame taswira moja tu, kwa kuwa habari yake imefika mpaka Tanganyika.

Domenico Fetti, mzaliwa wa Rumi aliyemtumikia mtawala wa Mantua na kufariki Venice mwaka 1623, alimchora Kristo mwenye taji ya miiba, kwa namna alivyotolewa na Pilato mbele ya makutano. Na chini yake pana maneno ya Kilatini ambayo maana yake ni kwamba haya nimeteswa kwa ajili yako, nawe je, umenitendea nini? Mwaka 1719, huko Düsseldorf, kijana wa miaka 19 wa nasaba kubwa ya Ujerumani, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, alisimama mbele yake akahisi kuwa ndiye aulizwaye.

Wengi husema umisionari wa Kanisa la Moraviani ulizaliwa hapo. Siafiki. Zinzendorf alikwisha kulelewa na bibi yake katika ucha Mungu, akasomeshwa Halle. Picha haikumpa imani, bali ilimdai. Aliyemwonyesha pa kulipia deni hilo ni Anton, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa katika kisiwa cha St. Thomas, ambaye walikutana Copenhagen mwaka 1731; na mwaka uliofuata mfinyanzi Leonhard Dober na seremala David Nitschmann wakaabiri kwenda kisiwani humo.

Sisi wa Karatu tukitajiwa Wajerumani, aghalabu fikira zetu huelekea mashamba ya kahawa ya Oldeani. Kumbe Wajerumani wa namna nyingine kabisa, Theodor Meyer na wenzake, waliotumwa na jumuiya ile ya Moraviani iliyoanza Herrnhut mwaka 1722 katika ardhi ya Zinzendorf, walikwisha kufika Rungwe mwaka 1891.

Ama picha yenyewe, ilihamishiwa Munich mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa vita vya Napoleon. Toleo lijalo, Mungu akipenda, tutaingia katika ikhtilafu ya Waprotestanti wenyewe kwa wenyewe, wengine wakizivunja sanamu na picha za makanisani, Walutheri wakiziacha ukutani.